Utetezi wa sera ya afya ya akili: maana yake ni nini?

Utetezi wa sera, au uchechemuzi kama wanavyosema wengi katika mashirika ya kiraia ya Tanzania, ni juhudi za makusudi za kumfanya mwenye mamlaka abadilishe sheria, mpango au bajeti. Watu huuchanganya na uhamasishaji. Uhamasishaji humwendea jirani ili aache kumwita mgonjwa kichaa. Utetezi wa sera humwendea waziri, mbunge, mwakilishi wadi au jaji, na hudai kitu kinachoandikika: kifungu, kanuni, tarakimu.

Kuna mama mmoja namfahamu nchini Kenya ambaye mwanawe ana skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, na anatibiwa kwa sindano ya kila mwezi. Zahanati iko karibu kiasi kwamba akisimama mlangoni pake anaona foleni. Sindano haipo pale. Iko hospitali kuu ya kaunti, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, tena kwa nauli ya watu wawili. Mwezi nauli ikikosekana, sindano inarukwa. Ikirukwa, kijana halali, anatembea usiku kucha, na asubuhi majirani wanakuja na kamba. Mama huyu hana haja ya kuhamasishwa, maana anaujua ugonjwa huo kuliko wengi wetu. Kinachomtesa ni uamuzi wa mtu fulani ofisini kwamba sindano hiyo haiagizwi kwa zahanati yake. Kilichoamuliwa na watu, watu wanaweza kukiamua upya, na kazi hiyo ndiyo utetezi wa sera.

Huduma za afya ya akili za kijamii, basi, ni zile zinazomfikia mtu anapoishi: dawa kwenye zahanati, muuguzi aliyefunzwa kusikiliza, mhudumu wa afya anayepita nyumbani, kikundi cha familia zinazouguza. Kenya ilirithi mfumo wa kinyume chake. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa, na kwa miongo mingi matibabu yalimaanisha kusafirishwa huko.

Sheria imeanza kugeuka. Mwezi Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yakaziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Hatua nyingine ilipatikana mahakamani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka 2. Fikiria familia inayompata mtoto wao katika hali hiyo: wamkimbize hospitali, au waogope kituo cha polisi? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Huo nao ni utetezi wa sera, ingawa haukupigiwa kura na mbunge yeyote.

Lakini kwa maoni yangu, sehemu inayopuuzwa zaidi ni bajeti. Wajibu usio na fedha haumfikishii mama yule sindano. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Katiba inalitaka bunge hilo lishirikishe wananchi. Wengi wetu hufika kwenye vikao hivyo kudai barabara na maji, mambo ya haki kabisa, na afya ya akili haitajwi hata mara moja.

Mwaka mmoja mama yule alikwenda. Alisubiri tangu asubuhi, na kipaza sauti kilipomfikia hakusema habari za unyanyapaa. Alitaja jina la sindano, jina la zahanati, nauli anayolipa kila mwezi, kisha akauliza: dawa hii iko ukurasa gani wa hiki kitabu chenu? Ofisa aliyekuwa mbele akaanza kupekua. Alipekua kwa muda mrefu, ukumbi mzima umenyamaza, na hakuupata. Karani akaambiwa aandike.