Je, wajua? Behewa la Lynmouth linapandaje jabali bila injini wala umeme?

Ukisema unaenda likizo pwani ya Uingereza watu wanawaza mchanga na samaki na chipsi, basi. Sasa Lynmouth, kijiji kidogo kaskazini mwa Devon, ufukwe wake ni mawe tu, na maji yakishakupwa unabaki unaangalia mawe mengine zaidi. Ila geuza shingo utazame juu. Kuna jabali limesimama, mji wa Lynton uko kule juu kama mita 150 hivi, na katikati mabehewa mawili yanapishana kwenye reli, moja linapanda moja linashuka, polepole, na husikii mngurumo wa injini.

Hiyo reli imefunguliwa 1890 na hadi leo inabeba watu kwa nguvu ya maji peke yake. Swali ni inawezaje.

Mi jibu langu la kwanza lilikuwa kosa, na nililisema kwa uhakika kabisa mbele ya wanangu. Niliwaambia mto unazungusha gurudumu mahali fulani, kama mashine za zamani za kusaga nafaka, halafu gurudumu linavuta kamba. Lilikaa akilini vizuri kwa sababu mto upo kweli, West Lyn, na maji yanatoka hukohuko. Kumbe hakuna gurudumu la maji, hakuna mashine inayogeuza chochote kuwa chochote. Maji yanapanda kwenye behewa kama abiria. Kazi yake ni kuwa mazito, hiyo tu.

Kosa hili nimelisikia kwa watu wengi na linakuja kwa sura tofauti tofauti, wengine wanasema kuna mota imefichwa kule juu, wengine wanasema maji yanasukuma behewa kutokea chini kama presha ya bomba, na wapo wanaosema ni kitu kinachojiendesha milele bila kula nishati. Hilo la mwisho ndo baya zaidi kwa sababu linafanya fizikia ionekane uchawi. Nishati inaliwa kila safari, tena unaiona kwa macho inamwagika chini ya behewa.

Twende taratibu. Fikiria kisima chenye kapi juu, na kamba moja yenye ndoo mbili, ndoo kila upande. Ndoo zikiwa sawa, hakuna inayokwenda popote. Ongeza maji kidogo kwenye ya juu, inashuka na kuipandisha mwenzie. Mabehewa ya Lynton na Lynmouth ni hizo ndoo mbili, ila badala ya kuning'inia yanateleza kwenye mteremko wenye urefu wa mita 263, na mteremko wenyewe ni mkali, kila ukienda mita moja na robo tatu mbele unakuwa umepanda mita moja. Chini ya kila behewa kuna tenki la galoni 700, yaani karibu lita 3,180, kwa hiyo likijaa ni zaidi ya tani tatu za maji. Uzito wa mabehewa yenyewe hauna shida, la huku linalifuta la kule, kama unavyoweka bakuli mbili sawa kwenye mizani ya sokoni. Kinachobaki kupimana ni watu na maji.

Na hapa nilikosea mara ya pili. Nilidhani wanajaza la juu mpaka lizidi, kama kisimani. Kumbe wanachofanya ni kumwaga la chini: tenki linajazwa lote likiwa juu, behewa linashuka na maji yake yote, likifika chini mshika breki anafungua maji yamwagike, anapunguza, anapunguza, mpaka la juu lianze kusogea lenyewe. Mbebaji wa maji wa mzegazega anaelewa hili bila kufundishwa, madumu yasipolingana si lazima uongeze la upande mwepesi, unaweza kumwaga la upande mzito. Na kumwaga kuna faida, unasimama pale pale unapoamua, huhitaji kujua mapema wamepanda watu wangapi wala nani kabeba nini. Behewa ndo linakuambia limetosha, kwa kusogea.

Nikajiuliza kwa nini galoni 700 na si 300 au 2,000. Behewa linachukua watu 40. Weka kilo 75 kila mmoja, hesabu yangu hiyo, unapata kilo 3,000. Tenki likijaa ni kilo 3,180. Kwa hiyo hata ile siku mbaya kabisa, chini wamejaa watu 40 na juu hakuna hata mmoja, maji ya juu peke yake bado yanawazidi wale watu wote kwa kiasi kidogo. Hapo sijatia msuguano na si kila mtu ana kilo 75, so usiichukue kama hesabu ya mhandisi, lakini ukubwa wa tenki unaeleweka.

Kuna kitu kingine kizuri ambacho wengi wanakipita. Umewahi kuvuta maji kisima kirefu? Mwanzo kamba ni nzito kuliko ndoo, ikikaribia juu inakuwa nyepesi. Waya wa chuma wa mteremko huu ungefanya vilevile, mwanzoni uzito wake uko upande wa behewa la chini, mwishoni umehamia upande wa pili na unaanza kulivuta kwa kasi usiyoitaka. Dawa yao ni kwamba waya haukuishia juu tu. Umezunguka kapi la juu na mwingine umezunguka kapi la chini, kama mnyororo wa baiskeli, kwa hiyo uzito wa waya unakuwa sawa pande zote safari nzima. Kinachobaki ni breki, na kila behewa lina mtu wake wa breki.

Haya, nishati inatoka wapi? Tenki zima likishuka mita 150 linatoa kama uniti 1.3 za umeme, sawa na pasi ya wati 1,000 ukiiacha imewaka saa moja na dakika kama 20. Si nyingi, ila mvua ya milima ya Exmoor inaileta bure kila siku, na sheria ya bunge ya 1888 iliwapa wenye reli haki ya kuteka galoni 60,000 kwa siku kutoka mtoni. Pesa nyingi ya kujenga alitoa George Newnes, tajiri wa magazeti, na mchoro ni wa mhandisi George Croydon Marks. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa na mashua Lynmouth halafu farasi na punda wakaumia nayo mlimani. Maji hayohayo yana upande mwingine pia: usiku wa tarehe 15 Agosti 1952 mito hii miwili, East Lyn na West Lyn, ilifurika na watu 34 wakafa. Ukitembea kijijini usiache kusoma habari zao.

Angalizo: usidhani kila reli ya jabali pwani ya Uingereza iko hivi. Ya Saltburn, iliyofunguliwa 1884 kule kaskazini mashariki, inatumia maji kweli lakini hakuna mto wa kuyaleta juu, yanarudishwa na pampu, kwa hiyo pale bili ya umeme ipo. Za Hastings, mji wa pwani ya kusini, zinaenda kwa umeme.

Ukienda, panda kwanza ukatembee Valley of Rocks, si mbali kwa mguu kutoka Lynton, kuna mbuzi mwitu wanasimama kwenye kingo ambazo hata kuangalia tu unaogopa. Sisi tuliporudi jioni behewa letu lilijaa watu wanaoshuka, na kule chini walikuwa wanapanda wachache tu, so mshika breki wa chini hakuhitaji kumwaga maji mengi. Nikamweleza mwanangu mdogo kwamba uzito wetu sisi ndo unayarudisha yale maji juu, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama angekula ile aiskrimu ya pili tungeyapandisha mengi zaidi. Nikamwambia ndiyo, na safari hii jibu langu lilikuwa sahihi.