"Nilishatangaza" siyo kibali

"Kapteni, lakini si nilitangaza?" Nimeisikia tena juzi, toka kwa rubani kijana wa masaa 300 na ushee hewani, mbele ya mafundi, chai mkononi, baada ya kunijia fainali ya moja kwa moja, yaani katoka mbali kanyooka na njia ya kutua bila kuzunguka kiwanja, wakati mimi niko besi, kile kipande cha mwisho kabla ya kugeukia fainali, na abiria tisa. Kutangaza redioni alitangaza, hata mimi nilimsikia. Kasema yuko maili tano. Maili tano upande gani, futi ngapi? Kimya.

Jamani. Kiwanja kisicho na mnara hakina mtu wa kukwambia haya pita. Nendeni Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, msimu wa nyumbu mkaone, Caravan, hizi ndege ndogo za abiria, zinaingia na kutoka kama daladala na tunapangana wenyewe kwa mdomo na macho. Ukibonyeza kile kitufe cha redio umetoa taarifa tu, njia hujapewa, na taarifa yenyewe huenda isifike kwa sababu mwenzako bado yuko frikwensi nyingine, au mmebonyeza pamoja sisi wengine tukasikia mluzi tu, au kapunguza sauti maana abiria wa mbele anauliza ule ni mto gani.

Na hata ikifika! Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, hakuna mnara, Cessna 152 ndogo iko kwenye sakiti, mzunguko wa kutua, na Cessna 340 ya injini mbili inakuja moja kwa moja. Wote wametangaza, frikwensi ile ile. Ile kubwa ilikuwa inakimbia karibu noti 180 (kilomita 330 hivi kwa saa), mara tatu ya kale kadogo. Rubani wa 152 akaona anafuatwa mkiani kwa kasi, akasema redioni anaghairi kutua. Zikagongana. Watu watatu wakafa.

Mtasema basi mnara ndio dawa. Machi 2024 Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi, zote zimetoka uwanja wa Wilson, na Wilson ina mnara. Wawili wa kwenye Cessna walifariki.

Sasa hili la macho ndilo linaniudhi, maana watu wanadhani kuangalia ni kugeuza shingo. Ndege inayokuja kukugonga haitembei kwenye kioo. Ile inayotembea inakupita, haina shida na wewe. Hii yako imekaa pale pale kama mdudu aliyegandia kwenye kioo, ndogo, ndogo, halafu ghafla ni kubwa. Wamarekani wanahesabu sekunde 12.5 tangu jicho liione mpaka ndege yako iitikie. Caravan mbili uso kwa uso, kila moja noti 120, hapo mmeshakula kilomita moja na nusu. Na hiyo ni kama hukuwa umeinamia kishikwambi. Halafu kuna mabawa: mwenye ndege ya bawa juu ya kabini, bawa linaloshuka linamficha kule kule anakogeukia, mwenye bawa chini haoni kilicho chini yake, waweke hao wawili fainali moja, wa bawa chini akiwa juu, wanashuka pamoja hakuna anayemwona mwenzake, mchana kweupe. Kwa hiyo tikisa pua ya ndege kidogo, inua bawa kabla ya kugeuka, na kabla ya kukata fainali chungulia upande wa wanaotoka mbali.

Taa washa, transponda (kile kifaa cha kukuonyesha kwenye rada) washa, hayo mnayajua.

Nisijitie utakatifu lakini, fainali ndefu hata mimi nafanya, mafuta yana bei na ratiba ina wenyewe. Na niseme ukweli, ndege nyingi nilizowahi kuziona nimeziona kwa sababu redio iliniambia nitazame wapi. Bila kuambiwa sijui ningeona ngapi. Ambazo sikuziona sina hesabu yake, na hiyo ndiyo inaninyima usingizi kuliko hata huyu kijana. Ndio maana nataka redio itumike vizuri, siyo kama honi ya bodaboda kwenye kona.

Kaniuliza, sasa ningesemaje? Jina la kiwanja mwanzo na mwisho, maana viwanja kadhaa tunagawana frikwensi. Upande unaotoka, futi, dakika ngapi kufika. Halafu ukisikia mwenzio yuko besi unamwambia "nakuona" au "sikuoni". Hilo la pili hakuna anayependa kulisema, linaonekana kama la mwanafunzi.

Mimi juzi nililisema mara mbili, nikaghairi kutua nikaondoka. Hakujibu. Anasema alikuwa anashusha flapu za mabawa.