Nyumba za Kijapani za Zuoying na Pingtung zinahitaji wakazi

Japani iliitawala Taiwan kuanzia 1895 hadi 1945. Karibu na kambi zake za jeshi ilijenga nyumba za mbao za maofisa: Pingtung, kusini mwa kisiwa hicho, za kikosi cha anga cha jeshi la nchi kavu; Zuoying, sehemu ya jiji la Kaohsiung, za jeshi la majini. Wajapani wakaondoka. Serikali ya China ya Chiang Kai-shek iliposhindwa vita na Wakomunisti China bara na kuvuka bahari hadi Taiwan mwaka 1949, nyumba hizo zikakaliwa na familia za wanajeshi wake. Wengi walidhani wangerudi kwao baada ya muda mfupi, lakini wakazeekea humo.

Kuzikagua nyumba hizi huanzia uvunguni. Sakafu imeinuliwa juu ya nguzo fupi, na msingi una matundu ya hewa. Upepo ukipita, mbao hukaa kavu na mchwa hukosa unyevu. Matundu yakizibwa, uharibifu huanza hapo, kimyakimya. Kuta nyingi ni fito za mianzi zilizokandikwa udongo na kupakwa chokaa. Aliyekulia nyumba ya udongo atazielewa mara moja. Fundi akizipiga lipu ya saruji, hata kwa nia njema, unyevu hunaswa ndani na mianzi huoza. Mji Mkongwe wa Zanzibar unaujua ugonjwa huohuo katika kuta zake za matumbawe.

Lililo gumu zaidi ni kuamua kipi kibaki. Familia zile ziliondoa mikeka ya tatami, zikaweka vitanda, zikaongeza majiko ya matofali uani watoto walipoongezeka. Wapo wanaotaka nyongeza hizo zibomolewe ili nyumba irudi kuwa ya Kijapani tupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika jiko lile mama aliyetoka Sichuan au Shandong alipika chakula cha kwao kwa mboga za kisiwa kigeni. Ukilibomoa, umemfuta.

Sheria ya mwaka 1996 ya kujenga upya makazi haya iliwahamishia wakazi maghorofani, na vijiji vingi vya familia hizo za wanajeshi vikabomolewa. Marekebisho ya 2007 yakaruhusu baadhi vihifadhiwe. Lakini nyumba ya mbao isiyo na mtu haidumu kwenye vimbunga. Kigae kimoja kikiteleza, mvua hufika kwenye kenchi. Ndiyo maana naupenda mpango ulioanzishwa na jiji la Kaohsiung mwaka 2014: watu hupewa nyumba hizo waishi, nao huzikarabati na kuzitunza. Mkazi hufungua milango asubuhi, hufagia majani kwenye matundu ya hewa, na huona njia ya mchwa ukutani kabla haijafika juu.