Pipi za sikukuu: angalia mara ngapi, sio ngapi tu

Sikukuu ndo hizo zinakuja, pale soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza pipi zimeshapangwa mpaka barabarani, ubuyu, kashata, pakiti za jumla, na sisi maafisa lishe tunaijua Januari yake: mama anakuja na mtoto shavu limevimba, usiku halali, chakula hali. Ndo maana safari hii naandika mapema.

Hatukatazi pipi. Nasema wazi maana kila tukiongea watu wanadai tunawanyima watoto sikukuu. Tunachosema ni kwamba mtoto akila kitu cha sukari bakteria wa mdomoni wanatengeneza asidi, na mate yanachukua kama nusu saa hivi kuituliza. Sasa yule anayelamba pipi ya kijiti, anairudisha kwenye karatasi, anaenda kucheza, anarudi analamba tena, meno yake yanashinda kwenye asidi kutwa nzima kwa pipi moja! Bora umpe mbili tatu kwa mkupuo baada ya pilau, anywe maji, yaishe. Usiku akishapiga mswaki ni maji tu. Chini ya miaka 2 asipewe kabisa, na hizi ngumu za duara zinakaba watoto wadogo, chini ya miaka 5 usimpe, hapo hamna mjadala.

Nyie mlio kwenye diet. Mtu kaacha ugali tangu Novemba analalamika uzito haushuki, namuuliza chai unaweka nini, asali, vijiko vitatu, mara tatu kwa siku. Jamani asali ni sukari, sukari guru ni sukari, juisi ya miwa ni sukari, hili tunalirudia kila siku! Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi, yani kama gramu 25, vijiko vidogo 6 kwa mtu mzima. Chukua soda ya mililita 350, soma ubavuni, ikiandika gramu 10.6 kwa kila mililita 100 zidisha kwa 3.5 unapata 37, gawa kwa 4, maana kijiko kidogo ni kama gramu 4, unapata vijiko 9. Huwa navichota kwenye glasi tupu mbele ya mtu, kuna baba mmoja aliishika ile glasi akaitingisha, akaiweka chini bila neno.

Embe zima halimo kwenye hesabu hiyo, na Desemba huku ni msimu wake, kwa hiyo kata maembe, weka na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) mezani. Mwenye kisukari aongee kwanza na daktari wake.

Kuhusu pipi zenye mashaka: usitupe pakiti, tunza risiti, piga picha namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, andika jina la duka na siku uliyonunua, peleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania) Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, wao ndo wanasimamia usalama wa chakula tangu 2019, sio TFDA, ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, tena. Muuzaji akikutwa na zilizoisha muda zinaondolewa na kuteketezwa, na gharama ni yake. Ila zile za kupimwa kwenye vifuko visivyo na maandishi hata ukipeleka wanashindwa pa kuanzia, hazina jina la mtengenezaji wala tarehe, hizo usinunue.