Mkandarasi akiuliza saiti, nani ajibu?

Asubuhi, msimamizi wa saiti anampigia simu mbunifu majengo. "Tunafunga mbao za ngazi," anasema. "Hivi vipimo vya vidato ulivyoandika, ni vya zege au vya sakafu iliyomalizika?"

Ni swali la sekunde kumi, na mtu mwenye haraka angelijibu kwa neno moja. Naomba tulifungue taratibu, maana ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtu anayejenga anapaswa kukijua kuhusu kazi ya mbunifu baada ya michoro kupitishwa.

Chukua ngazi ya kawaida. Kutoka zege la chini hadi zege la ghorofani ni milimita 3,000. Mchoro unataka vidato 18, kila kimoja kikiwa na kimo cha milimita 165, na hicho ni kimo cha mtu anayekanyaga vigae. Chini patawekwa sakafu ya saruji na vigae, jumla milimita 70, kwa sababu kuna mabomba yanapita humo. Juu ya vidato ni milimita 30 tu, na ghorofani ni 40. Fundi asiyeuliza atagawa 3,000 kwa 18, apate karibu 167, afunge mbao zake zikiwa sawasawa kabisa, amwage zege. Vigae vikishawekwa, kidato cha kwanza kinabaki na milimita 127 na cha mwisho kinafika 177. Tofauti ni sentimita tano. Mtu hapandi ngazi kwa macho. Mguu hukariri kidato kilichotangulia na kutegemea kinachofuata kiwe vilevile. Bibi anayeshuka usiku bila taa ndiye atakayelipia hizo sentimita tano.

Jibu sahihi ni hili: kidato cha kwanza cha zege kiwe 205 (165, jumlisha 70 za chini, toa 30 za juu yake), vinavyofuata 165, cha mwisho 155 (165, jumlisha 30, toa 40 za ghorofani). Ukiitazama zege hiyo ikiwa tupu, utadhani fundi kakosea. Ndiyo maana jibu la namna hii haliwezi kuachwa kwenye simu. Mbunifu lazima achore kipande kidogo cha mkato wa ngazi, yaani ngazi ikionekana kwa ubavu kama imepasuliwa, aonyeshe mstari wa zege na mstari wa vigae, aandike tarehe na kukipa namba. Bila karatasi hiyo, fundi mwingine atakuja Jumatatu, ataona kidato kirefu kuliko wenzake, naye kwa nia njema kabisa "atakirekebisha".

Wamiliki wengi wa nyumba huniuliza kwa mshangao: kama ramani nimeilipia na ikapitishwa halmashauri, mkandarasi anauliza nini tena? Wapo wanaoona kila swali ni dalili kwamba mbunifu alilipua kazi. Kweli, maswali mengine hutokana na makosa yetu sisi wabunifu. Jedwali la milango linasema upana ni milimita 800 huku mchoro wa sakafu ukisema 900. Hapo kosa ni la ofisi, na mbunifu anatakiwa kulikiri na kulisahihisha bila kumzungusha mtu. Lakini mengine huzaliwa saiti penyewe. Mnachimba msingi mnakuta shimo la choo cha zamani. Au bomba la maji taka la inchi nne lililochorwa na mtu wa mabomba linapita hasa pale mhandisi alipoweka bimu, ule mhimili wa zege uliolala unaobeba uzito wa juu yake. Kila mchoro peke yake uko sahihi, na nyumba moja haiwezi kuibeba yote miwili.

Hapo kwenye bimu ndipo ninapowasihi watu wawe na subira. Fundi anauliza: "Tutoboe?" Mbunifu anayeijua kazi hasemi ndiyo wala hapana. Anafungua michoro mitatu, wake, wa mhandisi na wa mabomba, anaipanga juu ya meza mmoja baada ya mwingine. Anamuuliza mhandisi kama bimu ile inaweza kubeba tundu, mahali gani na la ukubwa gani, na nondo za ziada zikae wapi. Anaangalia kama choo kinaweza kusogezwa bomba likapita kando. Anamuuliza mkadiriaji majenzi gharama itabadilika vipi. Kisha majibu yote yanashuka saiti kama jibu moja, kwenye karatasi moja. Tanzania mbunifu majengo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Dhamana zao hazifanani. Mbunifu anayejibu swali la nondo kwa niaba ya mhandisi anavuka mpaka wake, hata kama amebahatisha.

Na mwenye nyumba je? Rangi ni yake, vigae ni vyake, bajeti ni yake, na mbunifu lazima amuulize kabla ya kuamua. Ila asijibu yeye moja kwa moja. Nimewahi kufika kwenye jengo moja nikakuta nguzo ya sebuleni imesogezwa karibu nusu mita. Fundi alikuwa ameuliza, na mwenye mali alijibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwamba sofa haitaingia, wasogeze. Hakuna aliyedanganya wala kuiba. Swali lilikuwa zuri, lilifika tu kwa mtu asiyestahili kulijibu. Tuliivunja nguzo ile ikiwa bado changa, na gharama ilimwangukia yeye.

Kuna mkasa mmoja wa Marekani ambao naona kila mtu wa ujenzi angepaswa kuujua. Katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, vivuko viwili vya kutembelea, cha ghorofa ya pili na cha ghorofa ya nne, vilining'inizwa darini juu ya ukumbi, kimoja chini ya kingine. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini na kupita kwenye vivuko vyote viwili. Watengenezaji wa chuma waliona vyuma virefu namna hiyo ni kazi ngumu, kwa kuwa vingehitaji kukatwa nyuzi za nati sehemu kubwa ya urefu wake. Wakaleta badiliko: kila chuma kiwe viwili, cha kwanza kishike kivuko cha juu, cha pili kianzie kwenye kivuko cha juu na kushika cha chini. Michoro ya badiliko hilo ikapita kwa wahandisi na kugongwa muhuri bila mtu kukaa chini na kupiga hesabu.

Ifikirie kama ndoo mbili kisimani. Ukizifunga kwenye kamba moja, kila ndoo na fundo lake, kila fundo hubeba ndoo yake. Ukiifunga ndoo ya pili chini ya ile ya kwanza, fundo la juu linabeba zote mbili. Ndivyo ilivyokuwa: kiungo cha kivuko cha juu kilibebeshwa mzigo mara mbili, na uchunguzi ulibaini kuwa hata kile cha mwanzo hakikufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji. Tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa wamejaa ukumbini kwenye dansi, vivuko viliporomoka. Walikufa watu 114 na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri. Badiliko lenyewe, ukiliona kwenye karatasi, ni mstari mmoja kuwa miwili.

Kwa hiyo mkandarasi anaposema "hii ni rahisi zaidi, tufanye hivi?", mbunifu asisikie neno rahisi peke yake. Alichochora awali kilikuwa kinafanya kazi gani pale? Kuna wakati pendekezo la fundi ni bora kuliko la ofisi, hasa kwa mtu aliyekaa kwenye zege miaka ishirini, na mbunifu mwenye kiburi hulikosa. Lakini hata zuri hupimwa kwanza.

Swali la bidhaa iliyokosekana dukani ni jepesi kidogo. Mkandarasi alete sampuli ya mbadala, ilinganishwe na iliyoandikwa: kigae cha bafuni kisiteleze kikiwa na maji, kitasa kistahimili chumvi kama nyumba iko pwani. Bei ikishuka, nafuu irudi kwa mwenye nyumba.

Kuhusu muda, ukimya wa mbunifu nao una bei. Mikataba ya ujenzi humpa mkandarasi haki ya kuomba siku za nyongeza, na mara nyingine fidia, kama amechelewa kwa kusubiri mchoro au maelekezo aliyoyaomba kwa wakati. Kikosi cha mafundi kumi na mbili kikikaa kivulini siku tatu, kuna mtu atalipa. Basi swali liandikwe mapema, kabla mbao hazijafungwa, na liseme mambo manne: liko kwenye mchoro namba ngapi, mahali gani hasa, tatizo ni nini, na jibu linahitajika lini. Picha yenye futi kamba ndani yake husaidia kuliko maneno mia. Mbunifu akijua hawezi kujibu upesi, aseme siku ile ile lini atajibu na kazi gani inaweza kuendelea wakati huo. Na fundi asipime mchoro kwa rula. Karatasi hunywea na kutanuka, mashine za kunakili hupunguza; namba iliyoandikwa ndiyo inayofuatwa, na kama haipo, aulize.

WhatsApp sina ugomvi nayo, picha hufika kwa dakika moja. Ila isiwe kabati la kuhifadhia maamuzi. Agizo lililotolewa kwa mdomo au kwa simu liingizwe kwenye daftari la maagizo la saiti, lile lenye kopi tatu, lisainiwe. Katika mikataba mingi ya mtindo wa Kiingereza, agizo la mdomo linatakiwa kuthibitishwa kwa maandishi ndani ya siku 7. Mkandarasi anayelalamika kwamba mbunifu anapenda makaratasi ndiye wa kwanza kuyahitaji siku anapodai malipo ya kazi ya ziada.

Siku ya kukabidhiwa nyumba, pamoja na funguo, dai faili la maswali na majibu yote, na michoro iliyosahihishwa kufuatana nayo. Miaka minane baadaye bomba la chooni likiziba, fundi atasimama chini ya dari akiwa na nyundo, akitafuta bomba mahali lilipochorwa mwanzo. Karatasi ile ya siku ya bimu ndiyo itakayomwonyesha lilikohamia.