Je, elektroni inaweza kuonekana kwa macho?

Hapana. Si elektroni, si protoni, wala nyutroni, yaani chembe zinazounda atomu. Wengi hudhani ni suala la kupata hadubini kali zaidi, lakini kikwazo ni mwanga wenyewe.

Ili uone kitu, mwanga hukigonga kisha hukufikia jichoni. Mwanga huo ni mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, ilhali atomu nzima ina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Protoni ndiyo usiseme: wimbi la mwanga huizidi zaidi ya mara milioni 200. Wimbi la bahari likikuta jabali hupasuka na kurudi. Likikuta kijiti kilichochomekwa mchangani, hupita kana kwamba hakuna kitu. Na elektroni? Hadi leo hakuna kipimo kilichoonyesha kuwa ina upana wowote.

Nyayo zao, hata hivyo, huonekana. Mwaka 1903 mwanasayansi Mwingereza William Crookes aliweka radiamu, metali inayorusha chembe zenyewe kwa zenyewe, karibu na kioo kilichopakwa salfidi ya zinki, akachungulia gizani kwa lenzi. Kila chembe ya alfa, aina mojawapo ya chembe zinazorushwa na radiamu, iliyogonga kioo ilitoa mmweko mdogo. Miaka michache baadaye, huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walikaa gizani wakihesabu mimweko ya namna hiyo mmoja mmoja, kazi ya kuumiza macho kwelikweli, na hesabu yao ndiyo iliyomwezesha Ernest Rutherford kutambua kuwa atomu ina kiini.

Charles Wilson yeye alitumia chemba iliyojaa mvuke. Chembe yenye chaji ya umeme ikipita humo, vitone vya maji hujipanga nyuma yake kama ule utepe mweupe wa ndege iliyo juu sana: utepe unauona, ndege huioni. Wanaanga wa Apollo, waliosafiri kwenda mwezini, nao waliona mimweko wakiwa wamefumba macho, kwa sababu ya miali ya anga za juu iliyokuwa ikiwapenya.

Mbishi atauliza: na fotoni je? Nayo ni chembe, chembe ya mwanga wenyewe, na seli moja ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huweza kuitikia fotoni moja tu. Hapo ana hoja. Ila fotoni huwezi kuitazama ikipita kando yako. Utaijua tu ikiingia jichoni na kumezwa, na ikishamezwa haipo tena.