Tango kwenye ndoo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maua yanapukutika, basi mtango umeharibika." Naanza na hili kwa sababu watu wanang'oa mimea mizima kabisa, na inaniuma. Mtango hutanguliza maua dume, aghalabu wiki moja au zaidi kabla ya maua jike. Ua dume lina kikonyo chembamba tu, na kazi yake ikiisha linaanguka. Ua jike utalitambua kwa kijitango kilichokaa nyuma ya petali, kidogo kama ncha ya kidole, tayari kina vinywele na vichunusi. Hicho kikigeuka njano na kusinyaa, mara nyingi chavua haikufika. Kama ndoo zako ziko ghorofani ambako nyuki ni wachache, chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, bandua petali, kisha pakaza chavua yake katikati ya ua jike. Usiseme utafanya kesho, maana ua hilo hufunguka siku moja tu. Zipo pia aina zinazozaa bila kuchavushwa. Hizo hazihitaji kazi hii.

Wengine husema tango likiwa chungu ni kwa sababu lilipandwa karibu na maboga au matikiti. Si kweli. Tango halichanganyiki na mimea hiyo, na hata chavua ya mtango mwingine ingebadilisha mbegu, si nyama ya tunda unalokula. Uchungu huo ni kukurubitasini, kemikali ambayo mtango hujitengenezea wenyewe, na huzidi mmea ukipata kiu au joto kali. Hukolea zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Aina nyingine zina uchungu kuliko nyingine, lakini kwenye ndoo mkosaji mkubwa ni kumwagilia leo na kusahau siku mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kopo lolote linatosha kwa kuwa mizizi ya tango ni mifupi. Ni kweli mizizi mingi hukaa juujuu. Lakini majani yale mapana hupoteza maji mengi, na kopo dogo linakauka kabla ya jioni. Mpe kila mche ndoo ya lita 20 hivi, yenye kina cha sentimita 30. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole: majani yakilegea saa nane mchana na udongo bado una unyevu, subiri, yatasimama jua likipungua.

Kokoto chini ya ndoo? Acha. Maji hayatoki upesi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hutuama juu yake, na mizizi inabaki kwenye tope. Kinachotoa maji ni matundu, kwa hiyo toboa kadhaa. Udongo mtupu wa shambani nao hugandamana, uchanganye na mboji.

Na kuliacha tango linenepe hakukuongezei mavuno. Likishakomaa na kuwa njano, mmea hupunguza kuzaa. Aina nyingi huanza kuvunwa siku 50 hadi 70 tangu kupanda mbegu. Kuanzia hapo pita kila baada ya siku mbili na mkasi, usivute, na inua kila jani: tango kubwa kuliko yote huwa limejificha chini yake.